Baada ya Fingersmith: riwaya za upelelezi ambamo wanawake wanapendana na kubaki hai

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimekulia Mombasa, sasa nafanya kazi Manchester. Utotoni nilisoma vitabu vya Bwana Msa na Willy Gamba vya baba hadi kurasa zikachomoka. Mwaka huu mwenzangu wa kazini aliniazima *Fingersmith* ya Sarah Waters, na usingizi ukaniruka. Tangu hapo natafuta riwaya nyingine za uhalifu zenye wanawake wanaopendana. Ninazopata ama ni mapenzi matupu bila fumbo, ama mwanamke huyo ndiye maiti wa ukurasa wa kumi, ama ndiye muuaji. Nataka wafike mwisho wakiwa hai. Kiingereza changu ni cha kazini, si cha chuo kikuu. Na je, kutoka kwetu Afrika kuna chochote?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jina la kitabu, kwani ndilo uliloomba: *The Paying Guests*, riwaya ya Sarah Waters huyohuyo, iliyotoka mwaka 2014. Tuko London, mwaka 1922. Vita Kuu vimekwisha, na Frances Wray, mwanamke wa miaka 26, amebaki na mama mjane, nyumba kubwa upande wa Camberwell na madeni ya marehemu baba. Kaka zake hawakurudi kutoka vitani. Pesa za kulipa watumishi hakuna, kwa hiyo Frances mwenyewe ndiye anayepiga deki na kuwasha moto, na mwishowe hana budi kupangisha vyumba vya juu kwa Leonard na Lilian Barber, mume na mke ambao bado ni vijana. Wewe uliyekulia Mombasa unayajua maisha ya nyumba moja na wapangaji. Kwa mlio wa ngazi tu unajua nani karudi na saa ngapi, na kwa kuwa choo kiko uani, kila mtu atapita jikoni kwako. Waters anayaandika hayo taratibu, siku baada ya siku. Frances na Lilian wanaanza kwa maneno mawili matatu ngazini, wanazoeana, wanapendana.

Karibu hadi nusu ya kitabu hakuna maiti. Vumilia. Damu ikishamwagika utaelewa kwa nini mwandishi alitumia kurasa zote zile kukuonyesha nani analala chumba gani na sauti gani inasikika kutoka wapi. Polisi wanaingia nyumbani, kesi inafika mahakama ya Old Bailey, na kila swali la mpelelezi linagusa pale pasipoguswa. Jioni ile ulikuwa wapi? Ulikuwa na nani? Jibu la kweli lingeweza kumwokoa mtu, lakini jibu hilohilo lingefichua mapenzi. Sitasema zaidi. Jua tu kwamba lugha yake ni nyepesi kuliko ile ya *Fingersmith*, kwa sababu hakuna misimu ya wezi wa London ya zamani, na sentensi zake zinakwenda wima.

Hapo ndipo ninapopimia riwaya zote za aina hii. Najiuliza: wanawake hawa wasingependana, kesi ingebaki vilevile? Kama ingebaki, basi mapenzi yametiwa kama pambo, na mwandishi angeweza kuweka mume na mke bila kupoteza kitu. Riwaya bora ni zile ambazo mapenzi ndiyo yanayomfanya shahidi aseme uongo, ndiyo yanayompa mtu mbaya kamba ya kumfunga mwenzake, au ndiyo yanayomfanya mpelelezi mwenyewe aogope kuulizwa. Aliyeishi muda mrefu na siri yake hutambua upesi siri za wengine. Naamini ndiyo sababu waandishi wengi hodari wa maisha haya wameivamia fani ya upelelezi na kuiweza.

Na huyo maiti wako wa ukurasa wa kumi hakuja kwa bahati mbaya. Mwaka 1952 huko Marekani, Marijane Meaker aliandika *Spring Fire* kwa jina la Vin Packer, riwaya ya wasichana wawili wa chuo. Mhariri wake alimwambia waziwazi kwamba mwisho wa furaha haukubaliki, kwa sababu wakaguzi wa posta wangeweza kuvizuia vitabu hivyo njiani. Basi msichana mmoja akaishia hospitali ya wagonjwa wa akili, na mwingine akagundua kwamba kumbe hakuwahi kumpenda. Wasomaji walikinunua kwa wingi hata hivyo, maana ndicho kilichokuwapo. Desturi hiyo ya kuwaadhibu wapenzi mwishoni mwa kitabu iliendelea miaka mingi baada ya wakaguzi wale kusahaulika, na bado unaiona kwenye tamthilia za televisheni.

Mwaka huohuo wa 1952, Patricia Highsmith, aliyekwisha kujulikana kwa *Strangers on a Train*, alitoa *The Price of Salt* kwa jina bandia la Claire Morgan, na akawaacha wapenzi wake wawili wakiwa na tumaini. Ilipofika mwaka 1990 ndipo kitabu kikachapishwa tena kwa jina lake halisi kikiitwa *Carol*, na filamu yake ikatoka mwaka 2015. Wengi hukisoma kama hadithi ya mapenzi tu. Wewe kisome kwa jicho la mpenzi wa upelelezi. Ndani yake yumo mpelelezi wa kukodiwa, anayewafuata Carol na Therese kwa gari kutoka mji hadi mji, akinasa mazungumzo yao hotelini, ili mume wa Carol apate ushahidi wa kumnyang'anya mtoto. Hakuna aliyeua mtu. Mpelelezi yuko upande wa mume, nasi tunaomba ashindwe. Kwa mtu aliyezoea kushangilia kila Bwana Msa anapofumbua jambo, kusimama upande wa wanaofuatwa ni funzo kubwa. Ni kitabu kifupi, na Kiingereza chake ni safi kama maji.

Sasa nije kwa Val McDermid, ambaye kwa hali yako ndiye muhimu kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1955 Kirkcaldy, mji wa Uskoti, katika jamii ya wachimba makaa ya mawe, akasoma Oxford, kisha akawa mwandishi wa habari kwa miaka mingi, mingine hapohapo Manchester unapoishi. Uandishi wa gazeti umemwachia sentensi fupi zisizokuwa na madoido, kwa hiyo ondoa hofu kuhusu Kiingereza. Mwaka 1987 shirika la wanawake la The Women's Press lilichapisha riwaya yake ya kwanza, *Report for Murder*. Mpelelezi wake ni Lindsay Gordon, mwandishi wa habari wa Glasgow, mjamaa, mkali wa maneno, anayependa wanawake na hamfichi mtu. Anakwenda kuandika habari za hafla ya kuchangisha fedha katika shule ya wasichana wa matajiri, kitu ambacho moyo wake unakipinga tangu getini. Kabla ya tamasha kuanza, mpiga selo (ala ya muziki kama fidla kubwa) maarufu anakutwa amenyongwa kwa uzi wa selo. Fumbo lenyewe ni la jadi: jengo moja, washukiwa wachache, kila mmoja na sababu yake. Kilichokuwa kipya ni nani anayeuliza maswali, na kwamba hakuna anayemwadhibu kwa jinsi alivyo.

Hicho ni kitabu cha mwanafunzi wa fani, na baadhi ya mazungumzo yake yananyooka mno kisiasa. Cha pili, *Common Murder* cha mwaka 1989, ndicho ninachokipenda. Kinafanyika katika kambi ya wanawake wanaopinga silaha za nyuklia, iliyochorwa kwa kuangalia kambi halisi ya Greenham Common, ambako wanawake walikaa tangu mwaka 1981 nje ya uzio wa kituo cha kijeshi. Mwanamume anayeipinga kambi anauawa, na polisi tayari wanaye wanayemtaka. Lindsay anawafahamu wanawake wale, mmoja kwa mapenzi ya zamani. Anapaswa kuchagua kati ya habari motomoto kwa gazeti lake na watu waliomwamini.

Lakini kwa mkaazi wa Manchester nina kingine. McDermid ana mfululizo mwingine wa Kate Brannigan, mpelelezi wa kujitegemea wa mjini kwenu, na kitabu cha mwaka 1996 kinaitwa *Blue Genes*. Kate mwenyewe ana mpenzi mwanamume. Rafiki yake mkubwa ni Alexis Lee, mwandishi wa habari za uhalifu, anayeishi na mwenzake Chris. Chris ni mjamzito, na daktari wa uzazi aliyewasaidia kwa siri anauawa. Ukifuatilia mauaji kwa njia ya kawaida, polisi watafika mlangoni kwa Chris na Alexis, na familia yao itavunjika kabla mtoto hajazaliwa. Kipime kwa kipimo changu: mapenzi yasingekuwapo, kitabu kizima kingeanguka. Kina vichekesho vingi pia, na mitaa utakayoitambua. Ukitaka kumwona McDermid aliyekomaa, soma *1979*, kilichotoka mwaka 2021, kuhusu Allie Burns, mwandishi wa habari kijana katika chumba cha habari cha Glasgow kilichojaa wanaume, anayejitambua polepole huku akifukua habari za hatari.

Ng'ambo ya bahari, jina la kujua ni Katherine V. Forrest. Mpelelezi wake Kate Delafield ni askari wa kitengo cha mauaji cha polisi wa Los Angeles, aliyewahi kuwa mwanajeshi Vietnam. Tofauti na Lindsay, huyu anajificha. Kazini hakuna anayepaswa kujua. Anza na *Murder at the Nightwood Bar*, cha mwaka 1987, wala usijali kwamba ni cha pili katika mfululizo. Msichana aliyefukuzwa na wazazi wake anauawa katika maegesho ya baa ya wanawake, na Kate anaingia humo na beji yake kuhoji watu ambao wangekuwa dada zake. Wao wanamwona ni afande tu, naye anajua wao wangemwelewa kuliko yeyote kituoni. Ni kweli kwamba aliyekufa ni mmoja wa wanawake hao, na wewe umechoshwa na hilo. Lakini humu marehemu ana jina, ana historia, na kuna anayekesha kwa ajili yake. Naweka tofauti kubwa kati ya mwandishi anayemuua mhusika ili kutupa msisimko na anayeandika kitabu kizima kumdai haki yake.

Kwa mambo ya leo, chukua *The Verifiers* cha Jane Pek, cha mwaka 2022. Claudia Lin ni binti wa Kichina wa New York, msomaji mkubwa wa riwaya za upelelezi, anayefanya kazi katika ofisi inayochunguza kama watu unaokutana nao kwenye programu za kutafuta wachumba ni wakweli. Mteja mmoja anakufa, na Claudia haamini maelezo yanayotolewa. Pembeni kuna mama yake, anayesubiri amletee kijana mzuri wa Kichina, na ndugu wawili wanaogombana naye kila wakikutana mezani. Sehemu hizo za familia zimeandikwa kwa huruma na ukweli mkubwa, nami nadhani msomaji wa pwani atajikuta humo zaidi ya mahali pengine popote katika orodha hii.

Ukitaka wapelelezi weusi, Nikki Baker alifungua njia mwaka 1991 kwa *In the Game*, na mhusika wake Virginia Kelly wa Chicago. Cheryl A. Head ameendeleza kwa Charlie Mack wa Detroit, kuanzia *Bury Me When I'm Dead* ya mwaka 2016. Charlie anaendesha ofisi ya upelelezi huku akimtunza mama yake anayepoteza kumbukumbu. Vyote vinasomeka kwa urahisi.

Kuna kimoja ninachokipendekeza hasa kwa Waswahili, nacho ni *The Monkey's Mask* cha Dorothy Porter wa Australia, cha mwaka 1994. Ni riwaya ya upelelezi iliyoandikwa yote kwa mashairi. Wasomaji wa Kiingereza hushangaa wakisikia hivyo. Sisi tuliolelewa na tenzi hatuna cha kushangaa, kwani kusimulia kisa kirefu cha vita au cha mapenzi kwa beti ndiyo kazi iliyofanywa pwani karne na karne. Beti za Porter hazina vina na ni fupi mno, nyingine maneno kumi tu, zikikata kama wembe. Jill Fitzpatrick, mpelelezi wa Sydney asiye na pesa, anakodiwa na wazazi wa mwanafunzi aliyepotea, mshairi chipukizi. Anakutana na Diana, mwalimu wa ushairi wa msichana huyo, mwanamke aliyeolewa, na anampenda vibaya. Hapo mapenzi ndiyo yanayomfumba macho mpelelezi. Maneno yake ya chumbani yako wazi sana, kwa hiyo usikifungue ndani ya basi.

Sasa onyo. Watu watakutajia *The Blue Place* cha Nicola Griffith, cha mwaka 1998, na kwa haki, maana Aud Torvingen, Mnorwei aliyekuwa polisi Atlanta, ni mpelelezi mwenye nguvu na baridi ya kutisha, na yule mpenzi wa Willy Gamba ndani yako atafurahia kila pambano. Hakitimizi sharti lako. Kisome siku utakapokuwa tayari kuumia.

Umeuliza kuhusu Afrika. Vitabu nitakavyokupa si vya polisi wala maiti, lakini vina kila kitu kingine unachokipenda: siri, ushahidi, watu wanaochunguzwa na majirani. Cha kwanza ni *Under the Udala Trees* cha Chinelo Okparanta wa Nigeria, cha mwaka 2015. Vita vya Biafra vinamkutanisha Ijeoma, Mwigbo, na Amina, yatima wa Kihausa, na mama yake Ijeoma anajaribu kumnyoosha bintiye kwa Biblia, aya baada ya aya. Kurasa hizo za mama na binti mezani zina mvutano kuliko mahojiano mengi ya polisi niliyoyasoma. Ijeoma anafika mwisho akiwa hai, na zaidi ya hai. Okparanta ameongeza maelezo nyuma kuhusu sheria ya Nigeria ya mwaka 2014 inayoadhibu mapenzi ya namna hii hadi miaka 14 jela. Cha pili ni kifupi sana, *La Bastarda* cha Trifonia Melibea Obono wa Guinea ya Ikweta, kilichotoka kwa Kihispania mwaka 2016 na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2018. Yatima Okomo anamtafuta baba asiyetajwa na ukoo wake wa Kifang, na msituni anakuta watu wengine waliosukumwa pembeni kama yeye.

Cha karibu zaidi na kwetu ni hadithi fupi, *Jambula Tree* ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda tuzo ya Caine mwaka 2007. Ni kama barua, kutoka kwa Anyango kwenda kwa Sanyu, kuhusu wasichana wawili na jirani mmoja mwenye mdomo. Wanuri Kahiu aliichukua akatengeneza filamu ya *Rafiki*, ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, mwaka 2018. Nyumbani ilipigwa marufuku mwaka huohuo kwa sababu ya mwisho wake wenye matumaini, kisha Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba tu, na kumbi za Nairobi zikajaa. Tazama jinsi hofu ya wakaguzi wa posta wa mwaka 1952 ilivyosafiri hadi kwetu ikiwa nzima. Hadithi yenyewe unaweza kuimaliza kwa kikombe kimoja cha chai, na nakuomba uisome kabla ya filamu.

Kama siku moja utataka kupumzika kutokana na habari za maiti kabisa, soma *The Safekeep* cha Yael van der Wouden, kilichoshinda tuzo ya Women's Prize mwaka 2025. Ni Uholanzi ya mwaka 1961, nyumba ya shamba, mwanamke mkavu aitwaye Isabel anayehesabu vijiko vyake, na mgeni aitwaye Eva aliyeletwa na kaka. Vitu vidogo vinaanza kupotea. Wewe uliyezoea kutafuta mwizi utatafuta mwizi, na utakapojua nani aliiba nini kutoka kwa nani, utarudi ukurasa wa kwanza.

Kuhusu kuvipata: usinunue kwanza. Jiandikishe katika maktaba ya umma ya Manchester, kadi ni bure, na kitabu kisichokuwapo kwenye rafu unaweza kuwaomba wakutafutie. Mwandishi hapotezi kitu, kwa sababu Uingereza inawalipa waandishi kwa vitabu vyao vinavyoazimwa maktaba. Vya Forrest na Baker vilitolewa na shirika dogo la Naiad, lililokwisha kufungwa, kwa hiyo vitafute kwenye maduka ya vitabu vilivyotumika au kwa toleo la kielektroniki. Na ukienda likizo nyumbani ambako hupendi shangazi akuulize unasoma nini, kitabu kilichomo simuni hakina jalada.

Soma kwa mpangilio huu: *The Paying Guests*, halafu *Blue Genes* upumue ucheke, halafu *The Verifiers*, halafu *Murder at the Nightwood Bar*. *Jambula Tree* ipachike popote. Mwishoni kabisa weka *Frog Music* cha Emma Donoghue, cha mwaka 2014, ambacho sijakitaja hadi sasa kwa sababu ndicho kigumu kuliko vyote: San Francisco ya mwaka 1876, joto kali na ndui mjini, na mauaji ya kweli ya Jenny Bonnet, mvuvi wa vyura aliyekamatwa mara kwa mara kwa kuvaa suruali, aliyepigwa risasi kupitia dirishani. Kesi ile haikupata jibu mahakamani, na Donoghue amempa Blanche, mwanamke aliyekuwa naye chumbani usiku ule, kazi ya kulitafuta. Kina Kifaransa kingi kilichochanganywa ndani, lakini nyuma ya kitabu kuna faharasa ya maneno hayo, na kufikia hapo Kiingereza chako kitakuwa kimekua vya kutosha.